Jina Refu la Beki wa Kushoto

Mtu akiniambia kwamba Mbarara ni jiji la mpira, huwa namwomba kitu kimoja tu: aje tukae pamoja jukwaani Jumamosi jioni, timu ya jiji ikicheza nyumbani. Aje aone zege tupu. Aje amwone yule mzee wa tiketi anavyosinzia langoni, maana hakuna wa kumwamsha. Halafu tutoke naye nje, tusikilize kelele za vibanda vya video, ambako watu wamebanana wakilia kwa ajili ya timu za Uingereza ambazo hazijui hata kama Mbarara ipo duniani.

Jiji hili linavaa mpira tangu Jumatatu. Wa bodaboda wana jezi, wakaanga chapati wana jezi, msusi wangu amepaka saluni yake rangi za timu ya London. Siku moja nilipanda boda kwenda Biharwe na dereva akanieleza njia nzima kwa nini kocha wa huko Ulaya anastahili kufukuzwa. Nikamuuliza, na kocha wa timu ya Mbarara ni nani? Akageuka kunitazama, tukakaribia kuingia mtaroni. "Kwani Mbarara iko na timu?" akasema. Nilishuka nikiwa nimefura, nikamaliza safari kwa miguu.

Timu ilikuwapo, na beki wake wa kushoto alikuwa mdogo wangu.

Sisi Warundi hatulazimiki kurithi jina la baba. Mtoto akizaliwa, mzazi hutamka neno lililo moyoni mwake siku ile, na neno hilo huwa jina. Kwa hiyo mimi na mdogo wangu tumetoka tumbo moja lakini majina yetu hayafanani hata kidogo, jambo ambalo hutusumbua kila tunapohesabiwa kwenye kambi ya wakimbizi, maana lazima kijana wa ofisini aulize kama kweli sisi ni ndugu. Yeye alizaliwa tukiwa tunakimbia vita. Mama alijifungulia kwenye shamba la watu, na alipopata nguvu ya kusema akampa mtoto jina ambalo kwa Kiswahili ni sawa na kusema, "Mungu hakutuacha njiani." Kwa Kirundi ni neno moja, lakini ni neno refu, la kupumua katikati. Mama hajawahi kulikata. Hata akimwita aje kula, hulitaja lote mpaka mwisho, na chakula kinapoa.

Mdogo wangu alikulia kambini kwetu Nakivale akicheza na mpira wa matambara, na ukubwani timu ya jiji ikamchukua. Akapanga chumba mtaa wa Ruharo, chini ya hospitali ya misheni. Mimi huuza maharage sokoni Mbarara kila Jumamosi, kwa hiyo nikishamaliza biashara nilikuwa nakwenda uwanjani na magunia yangu matupu, nakaa juu yake, namtazama. Misimu miwili nilimtazama hivyo. Katika watu wote wa kambi, nilikuwa peke yangu. Mashabiki wachache wa jiji waliokuwapo walimwita "wewe namba tatu." Akikosea walimtukana, namba tatu vilevile.

Sasa ngoja nimseme mume wangu. Nimeshamsema uso kwa uso mara nyingi, lakini haikusaidia.

Mume wangu ni mtangazaji. Si wa redio, ni wa kibanda. Ana kibanda chake Nakivale, mbao na turubai, mabenchi ya mikaratusi, na nje ubao mweusi anaoandika kwa chaki mechi za siku. Televisheni inaonyesha mpira wa Uingereza bila sauti, na yeye anakaa pembeni na maikrofoni akiutangaza kwa Kirundi na Kiswahili. Simnyimi sifa: anajua kazi. Mchezaji akikosa goli, yeye anajua sababu. Huyu ameoa juzi, huyu amegombana na mama mkwe, huyu amekula usiku chakula asichokizoea. Ni uongo mtupu, na watu wanaupenda. Goli likiingia, picha inarudishwa, na hapo ndipo anaponoga, kwa sababu mara ya pili analisimulia vizuri kuliko lilivyoingia.

Nimewaona wanaume wazima wakitoka kwenye turubai lile macho mekundu, hawataki kula, kisa timu imefungwa. Mume wangu mwenyewe alikataa ugali siku beki mmoja wa Ulaya alipovunjika mguu. Nikamwambia: shemeji yako aliumia goti mwezi uliopita, uliuliza hata hali yake? Akasema, "Ule si aliponaka?" Nikamwambia njoo basi siku moja umwone anavyocheza. "Mama batoto, Jumamosi miye niko kazini." Na kweli alikuwa kazini. Lakini Jumamosi moja jenereta lilipokufa, aliketi na wateja wake kwenye giza la turubai akiwasimulia upya mechi ya wiki iliyopita. Hapo nilishindwa hata kugomba, nikacheka kwa hasira.

Kuelekea mwisho wa msimu, viongozi wa timu wakatangaza redioni kwamba wamechoka kuchezea zege. Wakasema wataangalia mechi ya mwisho. Watu wasipokuja, msimu ujao mechi za nyumbani zitahamia wilaya nyingine. Jiji likasikia, likaendelea kukaanga chapati.

Jioni ile nilipita Ruharo kumwona mdogo wangu. Nilidhani nitamkuta amekasirika. Alikuwa anafua soksi zake kwenye beseni.

"Dada, timu ikihama, miye nahama nayo," akasema. "Hiyo si kitu. Lakini sitaki kutoka fasi hii bila kusikia bantu ba kwetu bananiita jina yangu. Mara moja tu. Hata nikikosea, banitukane, lakini banitukane na jina yangu."

Hakuniomba kitu kingine. Nilirudi Nakivale, na njiani nikaapa kwamba watu watakwenda, hata kama ni kwa kuwavuta masikio.

Jumapili, baada ya misa, katekista alipomaliza kutangaza ndoa, nikasimama. Sikuwa nimepewa ruhusa. Nikasema kwamba mtoto wetu, tuliyemwona akikua hapa, anacheza ligi kuu ya nchi hii na hatujawahi kumpigia hata kofi moja. Nikasema lori lipo, la mfanyabiashara mmoja anayepeleka mahindi mjini, amekubali kutubeba. Nikasema pia kwamba mume wangu atafunga kibanda siku hiyo. Kanisa zima likageuka kumtazama. Akainuka shingo upande, akasema ndiyo, atafunga. Watu wakapiga makofi, wengine vigelegele. Kila niliyemshika mkono pale nje aliniapia kwamba atakuja, na mama yangu alikaa juu ya jiwe akiitikia pongezi kama mama wa bwana harusi.

Na walikuja, hilo siwezi kulikataa. Lori lilijaa. Niliwaomba wavae nguo nyeupe, rangi ya timu ya jiji. Wakaja na jezi za Uingereza, kila mtu na yake, nyekundu, buluu, na kabla hatujaifikia lami walikuwa wameshaanza kutukanana kuhusu nani atachukua kombe huko. Hakuna aliyeniuliza sisi tunacheza na nani. Nilikaa mbele na dereva, nikitazama vumbi, najiambia si kitu, muhimu wafike.

Kosa langu nililikuta Mbarara. Nyuma ya uwanja kuna kibanda kikubwa cha video, na ubao wake wa chaki ulikuwa unaonyesha mechi ya mchana ya Uingereza. Lori lilisimama karibu nacho. Niliona macho yao yanavyousoma ubao.

"Dakika tano tu, mama batoto," mume wangu akasema. "Tunachungulia matokeo."

Nikatangulia kuwashikia nafasi, kana kwamba kulikuwa na mtu wa kuzigombea.

Wapinzani wetu siku ile walikuwa timu ya wanajeshi. Kutoka kambi yao ya jeshi ya Makenke malori yalikuwa yameleta wake wa askari, watoto, na bendi ya tarumbeta, nao walijaza upande wao wote. Upande wetu nilikuwa mimi, magunia yangu na wazee wachache wa jiji. Timu ya Mbarara iliingia uwanjani Mbarara ikapokewa na kimya, halafu wageni wakaingia, tarumbeta zikalia mpaka ndege wakaruka kwenye paa. Mke mmoja wa askari alinionea huruma, akavuka na karanga zake akakaa karibu nami.

"Wewe mama nasapoti nani?"

"Mbarara."

"Na watu yako iko wapi?"

"Iko kwa kibanda. Natazama Uingereza."

Alicheka mpaka karanga zikamwagika. "Pole sana. Sisi hapana kosa kuja. Ukikosa, afande nauliza."

Kwa hiyo hata wale walikuja kwa amri. Lakini niliwasikia wakiwaita wachezaji wao kwa majina, mmoja mmoja, na kwa hilo niliwaonea wivu mkubwa.

Kipindi chote cha kwanza mdogo wangu alikuwa akija kurusha mpira upande wetu anainua macho jukwaani. Mimi napunga kitenge. Yeye ananitazama, kisha anatazama kulia kwangu na kushoto kwangu, kisha anarusha mpira. Mara ya mwisho aliporusha hakuinua macho tena. Niliona aibu, na aibu ile ikageuka hasira.

Refa alipopuliza mapumziko nilishuka, nikatoka langoni, nikaingia kwenye kile kibanda bila kulipa wala kubisha. Walikuwamo wote, mstari mzima wa Nakivale, wamekodoa macho. Nikaenda mpaka mbele, nikasimama katikati ya skrini, nikatanua kitenge changu kwa mikono yote miwili. Makelele yaliyotoka hapo sijawahi kuyasikia uwanjani kokote. Mwenye kibanda akaja mbio kuniuliza nina wazimu gani. Nikamwambia hawa ni mali yangu, nimekuja kuwachukua, na nikiondoka bila wao kitenge hakishuki. Mume wangu ndiye aliyeinuka wa kwanza. Si kwa mapenzi ya mpira wa Mbarara. Alitaka tu nishushe mikono.

Wakaingia jukwaani wakitembea polepole kama watu walioitwa polisi. Wakaketi. Malalamiko yakaanza hapohapo. Mbona bachezaji bako mbali hivi? Mbona ni badogo? Huku wakihangaika na makalio yao kwenye zege, wanajeshi wakapiga krosi, kichwa, goli. Tarumbeta zikalia.

"Banairudisha saa ngapi?" jirani yangu mmoja akauliza. "Miye sikuona muzuri."

"Nini?"

"Ile goli. Banairudisha lini?"

Wenzake nao walikuwa wanangoja. Wanaume wazima, wakulima, watu wenye akili zao, wameinua nyuso kuelekea ukuta wa upande wa pili wakisubiri goli lirudi. Nikawaambia hairudi. "Hairudi namna gani?" Nikawaambia imeshaingia, imekwisha, mpira wa kweli unatazama au unakosa. Walinitazama kana kwamba nimewauzia maharage mabovu. Wengine wakatoa simu zao mfukoni.

Hapo mume wangu akashindwa kuvumilia. Kimya kinamuumiza yule mtu. Akasimama juu ya zege, bila maikrofoni, akaanza kutangaza. Sauti yake ni kubwa tangu kuzaliwa. Akaeleza kwamba winga yule wa jeshi anakimbia hivyo kwa sababu ameacha sufuria motoni. Watu wakacheka, simu zikarudi mfukoni. Wake wa askari wakasogea. Wa bodaboda waliokuwa nje wakachungulia langoni, wakaingia. Mechi ya Uingereza ilikuwa imekwisha na ile ya jioni haijaanza, kwa hiyo kibanda nacho kikamwagika kuja kwetu, na nikamwona mzee wa tiketi amesimama, macho wazi, haamini. Kwa mara ya kwanza tangu niujue uwanja ule, upande wetu ulikuwa na watu. Moyo wangu ukayeyuka. Nilikuwa tayari kumsamehe mume wangu mambo mengi.

Lakini mume wangu hakuwajua wachezaji. Timu nzima ya Mbarara, hakumjua hata mmoja. Aliniinamia akauliza, yule namba kumi nani? Nikamwambia. Kabla sijamaliza akawa ameshampa jina la nyota mmoja wa Ulaya. Kipa akapewa jina la kipa wa Ulaya. Hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, akawabatiza wote, na watu wakafurahi, kwa sababu sasa walikuwa wanawafahamu. Shemeji yake mwenyewe akampa jina la beki mmoja wa Brazili ambaye hata hachezi tena. Jina fupi, zuri kwa kupiga kelele.

Nikamvuta shati. "Huyo unamjua! Mwite jina lake!"

"Ngoja kwanza," akasema, akaendelea.

Mechi ikiwa inakaribia kuisha, mdogo wangu alipanda na mpira kutoka kwake kabisa. Akampita mmoja, akampita mwingine, akapiga kutoka mbali kwa mguu wa kushoto. Ukaingia juu, penye kona. Hakuna aliyeomba urudishwe. Jukwaa zima liliruka, wa bodaboda, watu wa Nakivale, mpaka yule mke wa askari. Mdogo wangu akaja mbio upande wetu, akasimama chini yetu, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Wachezaji wengi hufanya hivyo kwa mbwembwe. Yeye alikuwa anataka kusikia.

Wakamwita. Wote kwa pamoja, kwa nguvu zao zote, wakamwita jina la Mbrazili.

Nilipiga kelele jina lake. Jina lote, lile la mama, nikalipigia kelele mpaka koo likawasha. Nilipofika katikati yake wao walikuwa wameshalitaja lile fupi mara tatu. Niliuona mkono wake ukishuka polepole kutoka sikioni. Akawapungia, akarudi nafasi yake.

Tulimngoja langoni. Alitoka na mfuko wake begani, watu wakampigapiga mgongoni, naye akawashukuru wote kwa adabu. Kisha akanivuta pembeni.

"Dada, mulikuwa munaita nani?"

"Wewe," nikasema.

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, akasema amechoka, anakwenda kuoga. Nikamgeukia mume wangu na nadhani Mbarara nzima ilinisikia. Aliinua mikono. "Hiyo jina yake ni murefu sana, mama batoto! Nikianza kuisema, mpira umeshafika upande ingine!" Nilimnunia mpaka Nakivale, na huko pia nikaendelea.

Viongozi wa timu, wao, walifurahi kupita kiasi. Timu haikuhama. Walimwita mume wangu ofisini, wakampa kipaza sauti kikubwa na kazi ya kutangaza kila mechi ya nyumbani. Kibanda sasa anakishika mdogo wake. Uwanja una watu, si haba, na kijana wa redio aliwahi kuniuliza kama ninakubali sasa kwamba Mbarara inaipenda timu yake. Nilimuuliza amtaje beki wa kushoto. Akamtaja Mbrazili, kwa furaha kabisa. Hata mama mwenye nyumba wa Ruharo humwita hivyo. Nimewasahihisha wengi. Wananisikiliza, wanasema ahaa, kisha wanaendelea. Siku hizi nimechoka na mdomo wangu mwenyewe.

Juzi mdogo wangu alikuja Nakivale kutusalimia. Tangu aliposhuka kwenye pikipiki pale kituoni watu walimfuata, watoto na wakubwa, wakiimba lile jina mpaka uani kwetu. Mimi na mama tulikuwa jikoni nyuma ya nyumba, tunachambua maharage. Mama hajui mpira. Akainua kichwa akasikiliza kelele zile zinavyokaribia.

"Wamemleta nani huyo?" akauliza kwa Kirundi. "Mgeni gani?"

Mdogo wangu akainama kuingia mlangoni, na mkate mkononi.

"Ni mimi, mama."

Mama akaweka ungo chini. Akamwita jina lake, lote, polepole kama kawaida yake, huku nje wanapiga kelele lile jingine. Yeye akasimama palepale na mkate wake, hakusogea mpaka mama alipolimaliza.

"Rudia, mama," akasema.